Mchango Bila Mkutano Haujengi Mji

*(Hotuba iliyosomwa mbele ya waumini, wageni na majirani katika maadhimisho ya miaka 75 ya hekalu letu)*





Kamati imenipa heshima ya kusema machache juu ya hekalu letu na mji unaolizunguka. Habari za ujenzi wa hekalu zitasemwa na wanaozijua kunishinda. Mimi ni mtu wa duka. Nimesoma hadi sekondari, kisha nikakaa nyuma ya kaunta kwa zaidi ya miaka 40, na huko nimejifunza kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Basi naomba leo tufungue daftari la namna tunavyoishi na majirani zetu, tuone palipoandikwa na palipobaki wazi.

Nianze na maneno matatu ambayo sote tunayatumia kila siku. Neno *bepari* limetoka katika Kigujarati chetu, *vepari*, maana yake mfanyabiashara tu, bila lawama yoyote. Neno *serikali* limetoka Uajemi, na kule India wazee wetu walilitamka *sarkar*. Neno *diwani* nalo lina asili ya Uajemi, na kule Gujarat lilikuwa jina la waziri mkuu wa mtawala. Baba yake Mahatma Gandhi, Karamchand Gandhi, alikuwa diwani wa Porbandar. Maneno haya matatu yanaishi nyumba moja katika Kiswahili, na Mswahili wa leo hayaulizi yalifika kwa jahazi gani. Lakini katika maisha ya mji wetu, bepari amekaa upande wake, na serikali na diwani wamekaa upande wao. Hukutana kwa mambo mawili tu: leseni na mchango.

Huo ndio msingi wa maneno yangu. Jamii yetu imekuwa hodari wa kutoa, lakini si hodari wa kuhudhuria. Nami nasema kwamba mchango bila mkutano haujengi mji.

Tulikotoka

Miji yetu midogo ya upande huu wa Tanga na Kilimanjaro ilizaliwa kando ya reli na mkonge. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, na mwaka huohuo Dakta Richard Hindorf alileta mbegu za mkonge ambazo miche 62 tu ilinusurika safarini. Kutoka katika miche hiyo michache yakatoka mashamba yaliyojaza mabonde haya. Palipokuwa na kituo cha reli palizuka duka, na palipozuka duka palikuja Mhindi kutoka Kathiawar au Kutch na mzani wake, kibatari chake na daftari lake.

Mkoloni aliipanga miji hiyo kwa rangi za watu. Palikuwa na Uzunguni, palikuwa na Uhindini, palikuwa na Uswahilini. Majina hayo yamo vinywani mwetu hadi leo katika miji mingi ya nchi hii. Watu walikutana sokoni mchana, na usiku kila mmoja alirudi upande wake. Hekalu letu lilijengwa Uhindini, si kwa sababu Mungu alipenda huko, bali kwa sababu ndiko tulikoruhusiwa kujenga.

Hata hivyo wazee wetu hawakuja mikono mitupu katika sanaa ya kuendesha mambo ya umma. Gujarat ilikuwa na *mahajan*, yaani chama cha wafanyabiashara wa mji, kilichosimamia uaminifu wa biashara, kilichosuluhisha magomvi na kilichohudumia hata wanyama wazee na wagonjwa. Kijijini palikuwa na *panchayat*, baraza la watu watano. Wahenga wa India walisema kwamba wanapoketi watano kwa haki, Mungu huketi kati yao. Nilipolisikia hilo kwa bibi yangu nilidhani ni hekima ya kwetu peke yetu, hadi nilipolisikia shuleni kwa Kiswahili: penye wengi pana Mungu. Hekima ni ile ile.

Kwa nini basi tukawa watu wa kutoa na kunyamaza? Jibu tunalijua, na si vibaya kulisema leo mbele ya majirani. Wazee wetu walipitia Azimio la Arusha mwaka 1967, wakapitia sheria ya kutaifisha majumba mwaka 1971, wakapitia Operesheni Maduka mwaka 1976. Sitaki kuhukumu mambo ya wakati ule. Nchi ilikuwa ikitafuta usawa, na wapo wananchi wengine waliohamishwa vijijini mwao wakapoteza zaidi ya nyumba. Lakini familia nyingi zilikwenda Uingereza na Kanada, na zilizobaki zilijifunza somo moja: toa unachoombwa, usiseme neno, fungua duka asubuhi. Somo hilo lilitulinda kwa wakati wake, ila halitufai tena.

Wapo waliokataa kulifuata hata wakati huo. Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza, aliaminiwa na wananchi wa Morogoro kuwa mbunge wao. Jayantilal Keshavji Chande, tuliyemjua kwa jina la Andy, alikulia Bukene, mji mdogo wa Tabora usio mkubwa kuliko huu wetu. Kampuni ya familia yake ilipotaifishwa mwaka 1967 hakufungasha mizigo. Alibaki akaliongoza shirika la umma la usagishaji. Watu hawa hawakuwa wageni wanaochangia. Walikuwa wenyeji wanaohudhuria.

Serikali iliyo karibu na mlango

Majirani zangu wanaijua mada hii, lakini vijana wetu wa hekaluni wengi hawaijui, kwa hiyo naomba niieleze kwa ufupi.

Nchi hii iliwahi kujaribu kuishi bila serikali za mitaa. Mwaka 1972 halmashauri zilivunjwa ili mambo yaendeshwe na maofisa wa serikali kuu mikoani na wilayani. Nia ilikuwa kuharakisha maendeleo. Matokeo yake ni kwamba mitaro iliziba, taka zikalala, barabara za miji zikachakaa, na kipindupindu kikapita. Mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa. Mwaka 1982 zikatungwa sheria mbili, Namba 7 ya mamlaka za wilaya na Namba 8 ya mamlaka za miji, na mwaka 1984 halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipokaribia kung'atuka, alisema hadharani kwamba kama angeanza upya asingevunja serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Kiongozi mkubwa alilisema hilo bila kulazimishwa na mtu.

Leo serikali hizo zimo ndani ya Katiba, ibara ya 145 na ya 146. Kijijini chombo chenye kauli ya juu si mwenyekiti wala mtendaji. Ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, na mjumbe wake ni kila mkaazi aliyetimiza miaka 18. Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25 hupokea maagizo ya mkutano huo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri hiyo haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano. Katika mji mdogo kama wetu, wenyeviti wa vitongoji ndio wanaokaa katika baraza la mamlaka, na kila mwenyekiti huchaguliwa na wakaazi wa kitongoji chake kila baada ya miaka mitano. Uchaguzi wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024.

India nayo ilifika hapohapo kwa njia yake. Marekebisho ya 73 ya Katiba yao, yaliyoanza kutumika mwaka 1993, yaliipa *Gram Sabha*, yaani mkutano wa wapiga kura wote wa kijiji, nafasi yake katika Katiba. Kwa hiyo kijana wetu anayedhani mkutano wa kitongoji ni mambo ya watu wengine, namwambia hivi: nenda kijiji cha babu yako kule Gujarat, utawakuta wamekaa wakijadili maji na njia, kama wanavyokaa hapa.

Mtaro wa soko

Sasa nitoe mifano miwili ya hapa kwetu.

Wote mnaujua mtaro unaopita nyuma ya soko. Kila masika ulifurika, maji yakaingia madukani na kwenye meza za wauza mboga. Kila mwaka wafanyabiashara walichanga fedha, vijana wakalipwa, tope likazolewa. Mwaka uliofuata mtaro ukafurika tena. Fedha hazikuibiwa na kazi ilifanyika. Lakini maji hayakujali.

Kisha kitongoji kikaitisha mkutano juu ya jambo hilo, na akasimama mama mmoja anayeuza mchicha. Akaeleza kwamba tatizo haliko nyuma ya soko hata kidogo. Kalavati la chini, penye njia ya kwenda shuleni, lina mdomo mwembamba kuliko mtaro wenyewe, na kila mvua ikinyesha magunda ya mahindi na mifuko hukwama pale kwanza. Yeye hupita hapo kila alfajiri, na ameliona kwa miaka. Fundi akatumwa, akapima, akakuta ni kweli. Kalavati likapanuliwa kwa fedha zisizozidi sana zile zilizokuwa zikichangwa kila mwaka. Mkutano ukapanga pia kwamba siku ya usafi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kila mwenye meza na kila mwenye duka asafishe mbele yake.

Ndugu zangu, habari ile haikuwepo katika duka lolote la Uhindini. Hakuna hundi ambayo ingeinunua. Ilikuwa kichwani mwa muuza mchicha, na ilihitaji mkutano ili itoke. Mwenye fedha asipokaa na mwenye habari, wote wawili watalowa.

Uwanja wa kando ya mto

Mfano wa pili unatugusa zaidi. Uwanja wetu wa kuchomea maiti uko kando ya mto, na umetumika tangu wakati wa waasisi wa hekalu hili. Mji ulipoanza kupangwa upya, mchoro wa awali ulionyesha eneo lile kama viwanja vya makazi. Sidhani kwamba palikuwa na nia mbaya. Aliyechora aliona uwanja mtupu wenye miti michache, hakuona jengo, hakuona kaburi. Sisi hatuachi makaburi. Mto huchukua majivu, na mgeni haoni kitu.

Mchoro ulisomwa katika mkutano wa wakaazi. Jamii yetu siku hiyo ilikuwa na watu wawili, mimi na daktari wetu mstaafu. Kabla hatujanyoosha mkono akasimama mzee mmoja, fundi baiskeli, mcha Mungu anayeswali safu ya mbele msikitini. Akaeleza kwamba pale amesindikiza maiti za majirani zake Wahindu tangu ujana wake, na akawataja kwa majina, mmoja baada ya mwingine: aliyemkopesha vipuri, aliyemfundisha hesabu, aliyempeleka mkewe hospitali usiku wa manane. Akamaliza kwa kusema kwamba yeye hatajenga juu ya majirani zake, wala hatakubali mwanawe ajenge. Baada yake akasimama mama wa Kwaya ya Kilutheri akaunga mkono. Kisha watu wengi wakaunga mkono.

Azimio likaandikwa katika muhtasari, likapelekwa ngazi za juu, na mchoro uliorekebishwa ukalionyesha eneo lile kuwa mahali pa maziko ya Wahindu. Leo, ninapotazama picha za waasisi wetu ukutani, najua kwamba mahali walipoagwa pako salama. Kilichopalinda ni kumbukumbu ya fundi baiskeli na kalamu ya katibu wa mkutano.

Nawaomba tuitafakari sababu ya mzee yule kusema. Katika majina aliyoyataja hakuna hata moja lililohusu mchango wa fedha. Hakusema hekalu lilitoa madawati, ingawa lilitoa. Hakusema wafanyabiashara walinunua saruji ya zahanati, ingawa walinunua. Alikumbuka watu waliokaa naye, aliokuwa akijua hesabu zao nao wakijua zake.

Yanayotusubiri

Sasa niseme jambo ambalo kwenye sherehe watu hukwepa kulisema. Kaya zetu zilizobaki katika mji huu zinahesabika kwa vidole vya mikono miwili. Watoto wetu wako Dar es Salaam, Leicester na Toronto. Wanatupenda, wanatuma fedha za ukarabati, na wengine wamekuja leo, tunawashukuru. Lakini baada ya miaka 20, jioni ile mchoro mwingine utakaposomwa, nani atanyoosha mkono kwa ajili ya jengo hili? Huenda asiwepo Mgujarati hata mmoja mkutanoni. Watakuwepo majirani. Watasema kwa kiasi watakavyokuwa wametujua.

Kwa hiyo naomba mambo matatu.

La kwanza, tuhudhurie. Kamati ya Hekalu iwe na ratiba ya mikutano ya vitongoji kama ilivyo na ratiba ya Navratri na Diwali, na kila mkutano waende watu, si mjumbe mmoja mwenye bahasha. Waende na akina mama, waende na vijana. Anayetaka kuwa mjumbe wa kamati ya shule, ya maji au ya zahanati, aombe. Aliye raia na ametimiza miaka 21 anaweza hata kugombea uenyekiti wa kitongoji. Tusisubiri kuitwa. Waswahili wametuambia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumekaa hapa zaidi ya miaka mia. Jembe tulishike wenyewe.

La pili, tuulize na tuulizwe. Ushuru wa soko tunaulipa, na stakabadhi ya mashine ni haki ya kila mlipaji, awe mwenye duka la jumla au mwenye fungu la nyanya. Taarifa ya mapato na matumizi inapaswa kusomwa mkutanoni kila miezi mitatu na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Kuiuliza si uchokozi. Ni kumsaidia kiongozi mwaminifu asichanganywe na asiye mwaminifu. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kazi tuliyoijua tangu babu zetu ni daftari. Tutoe jioni moja kwa wiki, hapa katika ukumbi wa hekalu, tuvifundishe vikundi hivyo kuandika mauzo na gharama, ili mkopo urejeshwe na mwingine apate. Nimezungumza na wenzangu watatu, nao wako tayari kuanza mwezi ujao. Na sisi pia tuwe tayari kuulizwa: kama duka langu linamwaga taka mtaroni, muuza mchicha anayo haki ya kunisimamisha mbele ya watu.

La tatu, tuandike. Mipaka ya kiwanja cha hekalu, njia ya kwenda mtoni, kisima tulichokichimba pamoja na majirani, vyote viwe na karatasi na vijulikane na mkutano. Neno la mdomo lilitosha kwa waasisi kwa sababu kila mtu alimjua mwenzake. Mji umekua. Yule fundi baiskeli naye umri umekwenda, na kumbukumbu zake hazimo katika jalada lolote. Nimewaomba vijana waende kukaa naye wayaandike majina yale aliyoyataja. Kamati imekubali yachapishwe katika toleo lijalo.

Mheshimiwa Diwani, nawe nina ombi moja dogo. Mikutano iitishwe mapema na itangazwe sokoni, msikitini, makanisani na hapa hekaluni. Kengele yetu husikika hadi stendi. Tunaitoa bure kwa kazi hiyo.

Waheshimiwa, wazee wangu na majirani, hekalu lenye miaka 75 si kuta na mnara tu. Ni mkaazi wa mji. Lina jirani kulia na kushoto, linatumia njia ya wote na maji ya wote, na paa lake huvuja kwa mvua ileile inayojaza mtaro wa soko. Mkutano wa kitongoji chetu ni Jumapili ya wiki ijayo, saa tisa alasiri, chini ya mwembe wa shule ya msingi. Viti havitoshi. Naomba kila kaya ya hekalu ije na viti viwili, kimoja cha kukalia na kimoja cha jirani.